Jamvi Chini ya Zulia

Mwezi wa Agosti 2008, zikiwa zimebaki siku chache Ramadhani iandame, nilinyanyua pembe ya zulia la bibi yangu ili nifagie chini yake, na pembe ile ikabaki mkononi mwangu. Haikutoa sauti ya kuchanika kama nguo. Ilimeguka, kama mkate uliorowa chai. Nikashika mahali pengine, napo pakameguka. Nyuzi za pamba zilizolishikilia zulia kwa ndani, mtande na mshindio wake, zilikuwa nyeusi kwa koga, na harufu iliyonipanda puani ilikuwa ya kisima kilichofunikwa miaka. Nilikaa chini palepale, nimeshika kipande kile mapajani, hadi mwanangu akaja kuniuliza nina nini.

Zulia lile lilikanyagwa na vizazi vitatu likabaki zima. Mimi nililimaliza kwa miezi mitatu, na nililimaliza kwa kulisafisha.

Tangu siku ile nimekisimulia kisa hiki harusini, msibani na barazani, na mara nyingi anatokea mmoja katika wasikilizaji anayeniambia, "Langu nalo lilikufa hivyohivyo." Basi nimeona nikiandike, kwa sababu mafunzo mengi ya kusafisha mazulia tunayoyapata, kwenye maboksi ya sabuni na kwa mafundi, yametoka nchi ambazo hewa yake ni kavu. Huko adui wa zulia ni vumbi. Unguja adui ni mwengine, na bibi yangu alimjua vizuri.

Nyumba yetu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, na sisi tulikaa ghorofa ya pili. Aliyewahi kuingia nyumba za mji huu anajua umbo la vyumba vyake: virefu na vyembamba. Upana wa chumba hakuuamua mwenye nyumba, uliamuliwa na mkoko. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka vizuri haizidi sana mita tatu. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, humwagwa kifusi na chokaa, hupondwa mpaka ikawa sakafu nzito inayopoza nyayo mchana wa Februari. Kuta nazo ni mawe hayohayo na chokaa hiyohiyo. Nyumba nzima, ukitazama vyema, imetoka baharini, na mpaka leo haijaacha kunywa maji.

Boriti hizohizo ndizo zilizotuletea mazulia. Majahazi ya Kuwait, ya Uajemi na ya Omani yalikuja kwa upepo wa Kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakasubiri, kisha yakarudi kwa Kusi yamesheheni boriti kwa ajili ya nchi zisizokuwa na miti. Baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, akaja nalo Unguja na kuendelea hadi kwenye mikoko ya Rufiji. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka 1940. Desturi ya kutandika ni ya zamani zaidi ya hapo. Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Mtoni 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 anaeleza sakafu zilizotandikwa mazulia ya Kiajemi na mikeka laini. Babu yangu hakuwa mtu wa majumba ya kifalme. Alikuwa karani wa forodhani, akalinunua zulia lake kwa nakhodha mmoja pale Malindi, kwa pesa alizoziweka miaka miwili. Lilikuwa la sufu, rangi ya damu ya mzee, lina pindo la buluu iliyokoza, hatua tisa kwa tatu. Lilikaa kwenye chumba kana kwamba limekatiwa hapo, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa, maana zulia na chumba vyote viwili vilipimwa na boriti.

Bibi hakulitandika juu ya sakafu. Kwanza alitandika jamvi, lile la miyaa, pana, lisilo na urembo, analolinunua Darajani kwa wanawake wa shamba. Juu ya jamvi, mkeka wa ukindu. Juu ya mkeka ndipo likaja zulia. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli, na jambo lile lilinishangaza, kwani jamvi lilikuwa halionekani na lilikuwa kazi kulitoa na kulirudisha.

"Bibi, kwa nini tunatandika kitu ambacho hakuna anayekiona?"

"Zulia nalo linavuta pumzi, mwanangu. Jamvi ndiyo pua yake."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa.

Viatu vilibaki chini ya ngazi, si mlangoni mwa chumba, bali chini kabisa, kwa sababu mchanga wa vichochoro hupanda na nyayo. Chooni kulikuwa na mitalawanda yake, ya mti, na ole wake atakayetoka nayo nje ya kizingiti. Aliyetoka kutawadha alisimama juu ya kitambaa mpaka nyayo zikauke ndipo akanyage zulia. Sheria hiyo ilimhusu kila mtu, hata babu, hata wageni wa heshima. Bibi alimnyooshea mgeni kitambaa kwa mikono miwili na tabasamu, naye mgeni akajikausha bila ya kujua kwamba amekatazwa kitu.

Mara mbili kwa mwaka zulia lilitoka. Mara ya kwanza ni Kaskazi ilipotulia, mwezi wa Januari, mvua za Vuli zimekwisha na Masika bado yako mbali. Mara ya pili ni Kipupwe, Julai au Agosti, upepo wa Kusi umekwishaifuta hewa ya mvua. Siku yenyewe ilichaguliwa na chumvi. Bibi alikuwa na kibakuli cha chumvi dirishani, wazi, hakipikiwi kitu. Asubuhi alikiinamisha. Chumvi ikishikamana, au ikiwa imetoa majimaji ukingoni, alisema, "Leo chumvi inalia," na zulia halikutoka, hata kama jua lilikuwa linawaka na sisi watoto tumeshajitayarisha. Ikiteremka kavu, ikimwagika kama mchanga, alikuwa anapiga makofi mawili na nyumba nzima inasimama.

Hicho kibakuli nimekifikiria sana. Jua linaweza kuwaka huku hewa imejaa maji. Mtu anaona mwanga, anadhani ni ukavu. Chumvi haidanganyiki. Inavuta maji yaliyomo hewani kabla ngozi yetu haijayahisi.

Vijana wanne walilipandisha zulia juu ya paa. Tulilianika kifudifudi, mgongo juu, ili jua lisile rangi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano. Ndipo bibi akashika upongoo wa kuti la mnazi, mkavu, mwepesi, akaanza kulipiga mgongoni. Alipiga mgongoni kwa sababu mchanga unazama kwenye mizizi ya sufu, na ukipiga usoni unauzamisha zaidi. Ukipiga mgongoni unaanguka wenyewe kwa njia uliyoingilia. Mchanga wetu ni wa matumbawe, una makali. Kila hatua ya mtu juu ya zulia lenye mchanga ni kisu kidogo kinachokata sufu shinani, na mazulia mengi yanayoonekana yamechakaa kwa kukanyagwa kwa kweli yamekatwa na mchanga. Tulilihamisha mara tatu, na kila tulipolinyanyua tulikuta umbo lake limechorwa sakafuni kwa vumbi la kijivu, na bibi alilifagia kwa ufagio wa chelewa akaliangalia kwa kuridhika, kama mvuvi anavyotazama samaki wake. Saa tano alilikunja kwa kuliviringisha, hakuna kulipinda, akatia ndani vifuko vya makonyo ya karafuu kwa ajili ya nondo, likashuka.

Halikuoshwa. Katika miaka yote niliyoishi na bibi sikuwahi kuliona zulia lile likitiwa majini. Zulia linaanikwa, alisema. Mikeka ndiyo inayooshwa.

Uchafu ulipoanguka, alikuwa na namna yake kwa kila aina, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye elimu niliyoipuuza. Samli ikidondoka, alimwagia unga mkavu, akauacha unywe, akaufagia. Kahawa ikimwagika, alibandika kanga kuukuu akakandamiza kwa kisigino, akageuza upande mkavu, akakandamiza tena, mpaka kanga ikawa haitoki na kitu. Hakusugua kamwe. "Ukisugua unalilisha zulia uchafu," alituambia. Chetezo hakikuwekwa juu ya zulia bila ya sinia, hata kwa dakika moja ya kupitisha udi, na sababu ilikuwa tundu dogo jeusi karibu na pindo, kaa moja la mkaa lililoruka siku ya maulidi kabla sijazaliwa.

Mkojo wa mtoto ulikuwa mlango mwengine kabisa. Kahawa ni uchafu, lakini mtu anaweza kuswali juu ya doa la kahawa. Mkojo ukikauka hauonekani, na bado ni najisi. Usafi na tahara havikuwa kitu kimoja kwa bibi, na zulia lilihitaji vyote viwili, maana lilikuwa pahala pa kulia, pa kulala na pa kuswali. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi hapa Unguja, maji machache ukiyatumbukizia kitu chenye najisi nayo yananajisika. Kwa hiyo maji ndiyo yaiendee najisi, si najisi iyaendee maji. Basi bibi alikausha kwanza kwa kanga, mpaka pasibaki kitu. Kisha alinyanyua sehemu ile ya zulia, akaweka sinia chini yake, akamimina maji ya birika juu, taratibu, yakapita ndani ya sufu yakaangukia siniani. Akamaliza kwa kanga kavu, na sehemu ile ikabaki imeinuliwa juu ya kigoda mpaka ikauke upande wa chini. Kwa mtoto wa kiume ambaye bado hajala kitu ila maziwa, alinyunyiza tu, kama sheria inavyoruhusu.

Nilidhani hiyo ilikuwa ibada peke yake. Leo naona kwamba ilikuwa pia njia bora ya kutunza zulia niliyowahi kuiona: maji machache, mahali penye haja tu, yakiwa na njia ya kutokea.

Bibi alifariki 1996. Nyumba ikabaki kwangu na mume wangu, na sisi tulikuwa watu wa kutaka mambo mapya. Tulipaka kuta za chini saruji, kwa sababu chokaa ilikuwa ikidondoka na kutia vumbi. Chumbani tulitandaza kapeti la plastiki, lile la maua maua linalouzwa kwa mita, likang'ara vizuri, tukalitoa jamvi. Nakumbuka nililiviringisha nikampa mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Zulia la babu likalala juu ya plastiki. Lilipendeza. Lilitulia, halikuwa likiteleza wala kuinuka pembe, na kwa miaka kadhaa sikuona ubaya wowote, isipokuwa kwamba nilipotembea juu yake miguu mitupu wakati wa Masika nilihisi ubaridi ambao sikuuhisi nilipokuwa mdogo.

Mwezi wa Mei 2008 mwanangu mdogo alimwaga bakuli la urojo katikati ya zulia. Msomaji wa bara pengine hajui urojo: ni mchuzi wetu mzito wa unga na ukwaju, una bajia, viazi, kachori na chatne, na rangi yake ya njano inatokana na bizari ya manjano. Nilikandamiza kwa kitambaa, nikafanya vizuri mpaka hapo. Likabaki doa la njano, la ukubwa wa kiganja. Nikachukua sabuni ya kipande na brashi.

Doa likageuka jekundu.

Asiyejua atadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba rangi ya zulia inatoka. Haikuwa hivyo. Manjano ndiyo tabia yake: ikikutana na sabuni, majivu au kitu chochote cha jamii hiyo, inabadilika kuwa nyekundu iliyokolea, na ukiikamulia ndimu inarudi njano. Na hiyo njano jua linaila. Kitambaa chenye manjano ukikianika siku chache utaona doa linafifia mpaka linakwisha, bila ya sabuni yoyote. Kila mpishi wa Unguja ameliona jambo hili kwenye kanga yake, hata mimi. Lakini wasiwasi hauna kumbukumbu. Nilisugua zaidi, wekundu ukatapakaa, nikatia sabuni ya unga, nikasugua tena. Kitu kimoja tu ninachoshukuru ni kwamba sikutia dawa ya kufanyia nguo nyeupe, maana dawa hiyo huila sufu ikaiyeyusha. Mwishowe niliamua kwamba zulia zima lioshwe. Tulilishusha uani tukalifulia kwa ndoo na miguu, kama wafuavyo blangeti.

Usiku ule umeme ukakatika.

Wenzangu wa Unguja wanaukumbuka mwezi ule. Waya uliokuwa ukituletea umeme kwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba, ulipata hitilafu, na kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi mzima, hadi Juni. Umeme ulipokatika, pampu zilisimama, na pampu ziliposimama mifereji ilikauka. Zulia langu lilikuwa uani limejaa sabuni. Nilisubiri siku mbili. Siku ya tatu nililisuuza kwa maji ya kisima cha jirani, na visima vya Mji Mkongwe, kama alivyojua Sultani Sayyid Barghash alipotuletea maji ya chemchemi mjini kwa mifereji karne ya kumi na tisa, ni vya maji ya chumvi.

Hapo ndipo nilipoliua. Nilikuwa nimekulia nyumba yenye kibakuli cha chumvi dirishani, nikaijua chumvi inavyolia, kisha kwa mikono yangu nikalijaza zulia la bibi chumvi. Sufu yenyewe inaweza kunywa maji yapatayo thuluthi ya uzito wake na bado ukiigusa usihisi kuwa imerowa. Iliyotiwa chumvi haikauki kabisa. Kila inapokaribia kukauka inavuta maji mengine kutoka hewani. Na mvua za Masika zilikuwa hazijakwisha. Nilitegemea feni, feni hazikuwa na umeme. Baada ya siku nane za kulitoa na kuliingiza kukwepa mvua, niliona limekauka usoni, nikalirudisha juu ya plastiki.

Juni na Julai nilifukiza udi. Nilifukiza kuliko kawaida, na wageni walinisifu kwa nyumba kunukia. Udi unaifunika harufu kwa usiku mmoja, asubuhi harufu inakungoja. Binti yangu wa kati, mwenye kifua, alianza kukohoa alfajiri, na daktari aliponiuliza analala wapi nikamwambia chumba cha zulia, akanyamaza kidogo, kisha akanieleza habari ya koga na ya utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye mazulia na magodoro. Utitiri hawanywi maji, aliniambia, wanayafyonza kutoka hewani. Hewa ikikauka, wanakufa. Palipo na unyevu wanazaana, na kinyesi chao ndicho kinachowachokoza wenye pumu. Alinishauri nilitoe zulia chumbani, nami nikajiambia nitalitoa Ramadhani ikikaribia.

Aliyenifahamisha mambo yote kwa pamoja hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa chokaa, mzee, aliyekuja wiki ileile ya Agosti kutazama ukuta uliokuwa ukitoka mapovu na unga mweupe. Aliligonga eneo la saruji kwa kifundo cha kidole. Akaniambia kwamba ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha unayatoa kwa hewa, kila mwaka, ndiyo maisha yake. Saruji inaliziba tundu la kutokea. Maji hayafi kwa kuzibwa, yanapanda juu kutafuta pengine pa kutokea, na chumvi yake nayo inapanda. Kisha akaliona zulia, na plastiki chini yake, na vipande nilivyovikusanya ukutani.

"Bibi, hapa mmefanya lile lile," alisema, kwa upole, bila kunilaumu. "Ukuta mmeufunga juu, zulia mmelifunga chini."

Ndipo nilipolikumbuka jamvi. Miyaa iliyosukwa ina nafasi, hewa inapita kati ya shupatu na shupatu, na unyevu wa sakafu unapata njia ya kuondoka kabla haujaifikia pamba. Bibi hakuwa na maneno ya kisayansi, wala hakuyahitaji. Alikuwa na pua, na kibakuli, na mama yake kabla yake.

Mengi yamebadilika tangu wakati wa bibi, na sitaki kumwambia mtu aishi kama 1975. Mazulia tunayoyanunua sasa Darajani na Mwanakwerekwe ni ya nyuzi za plastiki, yamefumwa kwa mashine, mengi yakitoka Uturuki. Nyuzi hizo hazinywi maji kama sufu, kwa hiyo watu wanaamini kwamba hayaharibiki kwa kuoshwa. Uso wake ni kweli hauharibiki. Mgongo wake ndio wenye nyuzi za juti na gundi, na huo unakunywa na unaoza. Vijana wanaoosha magari hupokea na mazulia, wanayapiga kwa mpira wa maji na sabuni nyingi, na wanafanya kazi kwa bidii. Lakini ukiwapelekea zulia Aprili, utarudishiwa limekauka juu tu. Mimi langu la sebuleni naliosha Januari na Agosti peke yake, naweka sabuni kidogo, nalisuuza mpaka maji yatoke meupe, kisha nalitundika juu ya magogo mawili hewa ipite pande zote, na halirudi ndani mpaka kiganja changu kikilala mgongoni mwake kwa muda kisihisi ubaridi. Miezi mingine ni ufagio, na mashine ya kuvuta vumbi kwa waliojaaliwa kuwa nayo, na kulinyanyua pembe kila wiki, dirisha wazi. Plastiki tuliitoa. Saruji ya ukutani fundi aliibandua, akatia chokaa; ilichukua miaka miwili ukuta kukauka.

Lililo juu ya moyo wangu zaidi ni misikiti yetu. Zamani ilitandikwa mikeka na mabusati, vitu vya kutolewa na kukung'utwa. Siku hizi wafadhili wetu, Mungu awalipe kheri, wanatandika zulia ukuta kwa ukuta, limegandishwa sakafuni kwa gundi, katika jengo la mawe, na watu wanapanda juu yake miguu ikichuruzika maji ya udhu. Nimeingia upande wa wanawake katika misikiti miwili mjini hapa nikaisikia harufu ile ya Agosti 2008. Wenye pumu wanasujudu hapo, paji la uso na pua vikiwa juu ya koga. Nawaomba wasimamizi na wafadhili: msigandishe. Nunueni vipande vya kuweza kuviringishwa na vijana wanne, na pale mlangoni mwa birika wekeni vitambaa vya kukaushia miguu.

Zulia la babu halikupotea lote. Upande uliokuwa karibu na dirisha, ambao upepo ulikuwa ukiufikia, ulibaki na uzima. Niliukata, fundi cherehani akaupinda kingo kwa uzi wa pamba, ukatoka msala wa kutosha mtu mmoja, wenye pindo la buluu upande mmoja na lile tundu la kaa la maulidi. Mwanzoni nilimwaga machozi mengi juu yake. Kisha nikajifunza kuutunza. Umeme ulipokatika tena, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu mizima, jambo hilo halikuniathiri kwa upande huu, maana ilikuwa Kaskazi, na nilichohitaji ni paa, upepo na upongoo wa kuti.

Kibakuli nimekirudisha dirishani. Wajukuu wanaona ni mchezo, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kukiinamisha. Jumamosi iliyopita chumvi ilimwagika kavu, tukaupandisha msala juu ya paa saa mbili, tukaupiga mgongoni, tukaushusha saa tano. Sasa hivi uko chumbani kwangu, umeelekea kibla, na chini yake pana jamvi jipya nililolinunua Darajani.